Kidole Kilichosubiri

Mjukuu wangu aliingia kwa mlango wa nyuma saa tano na robo asubuhi, siku ya Jumanne. Nilikuwa nimekaa jikoni kwenye kigoda, nachambua maharage. Najua ilikuwa saa tano na robo kwa sababu mlango ukifunguliwa mimi hutazama saa. Ni mazoea tu. Miaka thelathini na mmoja nilikuwa mpima muda kwenye uwanja wa riadha wa mji wetu, na mtu akishazoea kupima hawezi kuacha. Hata chai ikiwa jikoni anaihesabia.

Alikuwa anahema. Pumzi zake nazijua tangu akiwa na miaka minane, na zile hazikuwa za mtu aliyepanda ngazi au aliyebeba mzigo. Zilikuwa pumzi za mbio, mbili ndefu na moja fupi, mikono kiunoni, kichwa chini.

"Bibi, maji."

Nikampa. Akanywa amesimama, akamaliza, akanirudishia kikombe kwa mikono miwili.

"Asante, Bibi."

Hata siku ile hakusahau kusema asante. Kwenye mfuko wa suruali yake kulikuwa na vitu vinavyokwaruzana kila akisogea, kama zile karatasi ngumu za vidonge. Nilivisikia. Mdomo ulitaka kuuliza ametoka wapi, ukauliza jambo jingine.

"Umekula?"

"Sina njaa."

Akaenda chumbani akafunga mlango. Nikaendelea na maharage. Nilipomaliza niligundua kwamba nimetupa mazuri na kubakiza yale yaliyotobolewa.

Mjini wanamwita Kishada. Jina alilipata utotoni, alipokuwa akikimbia na shati wazi, linapepea nyuma yake kama kishada kilichokatika uzi. Mama yake, binti yangu, alifariki Kishada akiwa bado mdogo, nikamlea mimi. Alikuwa mkimbiaji wa mita mia mbili. Wapo waliowahi kuwa na kasi kuliko yeye, lakini sijaona aliyejua kupinda kona kama yeye: bega la kushoto linashuka kidogo, kama mtu anayepita chini ya kamba ya nguo. Alikwenda kambi ya taifa, akaenda ng'ambo, picha yake ikatoka gazetini. Kipindi kile nikipita sokoni napishwa njia kama bibi harusi. Aliniwekea bomba la maji ndani ya nyumba na choo cha vigae, na siku fundi alipomaliza alikaa nami pale mlangoni tukifungua maji na kufunga, kufungua na kufunga, tukicheka kama wajinga.

Kisha msuli wa nyuma ya paja ukachanika. Ukashonwa, akakimbia kabla haujapona kwa sababu kocha alimhitaji, ukachanika tena. Wafadhili waliomvalisha viatu wakamvalisha mwingine. Alirudi kwangu na begi moja na dawa za maumivu, na baada ya mwaka msuli ulikuwa umepona lakini dawa hazikuachika. Alikuwa akienda kwenye duka la dawa la mtaa wa pili, na dada wa pale alimwuzia mara chache, halafu akakataa.

"Kaka yangu, niletee cheti cha daktari," alimwambia mbele yangu. "Nikikupa hivi hivi nitakuwa nakuua huku nakuchekea."

Dada yule nilimpenda. Dawa zangu za presha alikuwa akiniandikia juu ya boksi kwa kalamu nzito, kimoja asubuhi, kimoja jioni, herufi kubwa kama za mtoto wa darasa la kwanza. Sikumwomba. Aliniona tu nikikodoa macho, siku iliyofuata akanunua ile kalamu.

Jumanne ile, saa tano kasoro dakika chache, mtu aliyefunika kichwa kwa kofia ya sweta aliingia kwenye duka lake. Alimtaka afungue kabati la dawa zinazofungiwa. Alipokataa, mtu yule alichomoa chuma cha komeo la mlango akampiga nacho usoni na begani, akachukua alichotaka, akatoka mbio.

Habari zilinifikia mchana kwa jirani. Nilishika fremu ya mlango.

"Yu hai?" nikauliza.

"Yu hai, lakini taya limevunjika na hajapata fahamu. Na unajua waliyemkamata? Mlinzi mwenyewe! Yule Kimya!"

Huyu Kimya lazima nimweleze, maana bila yeye hakuna kisa. Alikuwa rika la mjukuu wangu, walikimbia pamoja tangu shule. Mrefu, mpole, maneno yake ya kuhesabu. Wenzake walikuwa wakimtania, "Kimya, ukishinda utapiga kelele au utatuma barua?" Naye hutabasamu. Baada ya riadha kumkataa alipata kazi ya ulinzi kwenye lile duka la dawa, na kila nikienda alikuwa akiinuka kwenye kiti chake akinikalisha mimi.

Siku ile alikuwa ameenda uani mara moja, na aliposikia mayowe alitupa rungu akamfukuza yule mtu. Aliachwa nyuma. Akarudi mikono mitupu, na polisi wakamkuta pale, mlango haujavunjwa, yeye hakuwa kwenye lindo lake, na chuma cha komeo kina alama za vidole vyake kwa sababu yeye ndiye aliyekuwa akikifunga kila jioni.

Mpelelezi alikuja kwangu kesho yake saa nane mchana. Kijana mwenye adabu, alivua viatu mlangoni ingawa nilimwambia asihangaike. Soksi moja ilikuwa imetoboka kidoleni, akauficha mguu ule nyuma ya mwingine.

"Bibi Saa, shikamoo."

"Marahaba, mwanangu. Kumbe nawe unalijua jina hilo."

"Nani hakujui? Mimi mwenyewe ulinipima nikiwa shule ya msingi. Nilikuwa wa mwisho, ukaniambia nimekimbia vizuri."

"Basi nilikudanganya," nikasema, akacheka. Nami nikacheka. Mungu anisamehe kicheko kile.

Akanieleza. Yule mlinzi anasema mtu aliyemfukuza ni Kishada. Sura hakuiona, ila anadai mbio anazijua. "Tukamwuliza, wewe si bingwa wa zamani, mwizi akuache? Akasema katika mji huu ni mmoja tu anayeweza kumwacha. Sasa Bibi, wakubwa wangu wanaona ni wivu wa siku nyingi. Lakini mimi sipendi kuacha neno likining'inia. Nimesema nitamwuliza mtu mmoja ambaye neno lake halina mawili."

Akatoa simu. Kamera ya duka la jirani ilikuwa imenasa kipande kidogo, pumzi nne au tano tu. Mtu wa kofia anatoka, anafika kwenye kona ya ukuta wa karakana, anapinda. Bega la kushoto likashuka.

Nikaisogeza simu karibu na macho.

"Rudia," nikasema, nipate muda.

Akarudia. Bega likashuka tena.

"Siye," nikasema. "Huyu si mtu aliyefundishwa. Tazama mikono inavyotapatapa. Huyu ni mwizi tu anayekimbia kwa hofu."

"Na jana asubuhi Kishada alikuwa wapi?"

"Hapa. Tangu saa tatu na dakika kumi alikuwa jikoni nami, ananisaidia kuchambua maharage. Saa tano na dakika tano tuliyabandika."

Aliandika kila dakika niliyomtajia. Niliona mkono wake ukilegea kwa raha, kama mtu aliyetua gunia. Mtu mwingine angesema "asubuhi asubuhi hivi," naye angeuliza mara ya pili. Mimi nilimpa dakika, na dakika zangu hakuna aliyewahi kuzipinga. Nikatia kidole gumba kwenye wino, nikatia na sahihi, maana kuandika jina langu najua.

Alipoondoka, mlango wa chumbani ulifunguka kidogo. Mjukuu wangu alikuwa amesimama nyuma yake muda wote. Nami sikumtazama.

Siku tatu tuliishi hivyo. Tulisalimiana, tukala, tukapishana kwenye korido tukigeuza mabega kama wapangaji wawili. Alinichotea maji bila kuombwa. Alifua mashuka yangu. Kila alilonitendea lilinichoma, kwa sababu lilikuwa jema kweli na mikono ilikuwa ileile.

Jumamosi mama yake Kimya akaja. Ni fundi wa kushona, hukaa kibarazani kwake na cherehani ya miguu, na miguu yake imevimba kwa kukanyaga. Alikuwa ametembea kutoka kwake hadi kwangu. Nikajiandaa kutukanwa. Nilitaka anitukane.

Hakunitukana. Alikaa kwenye ukingo wa kiti.

"Dada yangu, najua mwanangu amemtaja mjukuu wako. Sijaja kwa hilo. Kama amekosea, ni hofu, umsamehe. Polisi wameniambia umesema mjukuu wako alikuwa hapa, basi alikuwa hapa. Wewe huwezi kusema uongo."

Nilinyoosha kitambaa cha meza ambacho kilikuwa kimenyooka.

"Nimekuja kuomba kitu kidogo. Jumatatu wanampeleka mahakamani. Wanasema alikimbia kutoroka. Mimi najua alikimbia kukamata. Wewe ni mtu wa mbio. Hivi mtu akitazama mbio za mtu, hawezi kujua anakimbilia kitu au anakikimbia?"

"Anaweza," nikasema.

"Basi nenda ukawaambie hivyo. Hilo tu. Watakusikiliza." Akainuka, akaona pindo la gauni langu limefumuka, akapiga magoti na miguu yake ile mibovu, akatoa sindano kwenye kola ya blauzi akalishona palepale, mshono kwa mshono, huku mimi nimesimama kama mti. Akakata uzi kwa meno. "Mtu mzima asitembee na pindo linaning'inia, ataanguka."

Nilimsindikiza hadi njiani. Niliporudi sikuweza kuingia ndani. Niliketi kwenye ngazi.

Kuna jambo moja ambalo hadi siku hiyo hakuna mtu aliyelijua, au nilidhani hakuna. Nitalisema hapa kama lilivyokuwa.

Miaka kumi na miwili nyuma, kambi ya taifa ilitaka kijana mmoja wa mita mia mbili kutoka mjini kwetu. Uwanja wetu ulikuwa na njia nne tu, kwa hiyo walikimbia makundi mawili, na mwenye muda mdogo kuliko wote ndiye angechukuliwa. Kimya alikimbia kundi la kwanza, sekunde ishirini na moja nukta tatu. Kishada alikuwa kundi la pili.

Tulikuwa wapima muda watatu kwenye ngazi za mbao karibu na mstari wa mwisho: mimi, mwalimu mmoja mstaafu, na fundi redio ambaye mawazo yake yalikuwa daima kwenye redio. Tulikuwa tukitaniana sana. "Bibi Saa," fundi aliniuliza asubuhi ile, "marehemu mzee akichelewa kurudi nyumbani ulikuwa ukimwandikia na nukta?" Nikamjibu, "Nukta na faini." Sheria yetu ilikuwa nyepesi. Watu watatu, kila mtu na saa yake. Wawili wakikubaliana, muda wao ndio muda.

Na kuna jambo ambalo mpima muda hufundishwa siku ya kwanza. Mwanzo wa mita mia mbili uko mbali, ng'ambo ya kona. Bastola ikilia, moshi unauona papo hapo, lakini mlio unachelewa kukufikia. Kwa hiyo unabonyeza kwa moshi. Ukisubiri mlio, unampunguzia mkimbiaji muda ambao ameutumia kweli. Fundi alikuwa akisubiri mlio mara nyingi, kwa uzembe wake. Mimi kamwe.

Siku ile niliuona moshi. Ulikuwa mweupe, safi, hakuna upepo. Kidole changu kikasubiri.

Saa ya mwalimu ilisema ishirini na moja nukta nne. Ya fundi, ishirini na moja nukta mbili. Yangu, nukta mbili. Tukaandika nukta mbili. Kishada akaenda kambini. Kimya alikuja kunipa mkono, akasema, "Asante kwa kazi, Bibi," akaenda kutafuta kazi ya ulinzi.

Kwa miaka nilijiambia kwamba ni kidole. Kidole ni nyama, kinaweza kuchoka. Kisha Kishada alipoanza kushinda ng'ambo, muda mzuri kuliko ule, nikajiambia kwamba hata hivyo alistahili. Mtu akitaka kulala hakosi mto.

Jumapili asubuhi nilivaa gauni lile lile. Kishada alikuwa jikoni anaosha vyombo.

"Bibi unakwenda wapi? Leo si siku ya kliniki."

"Nakwenda kituoni."

Akaweka sahani chini. Akapangusa mikono polepole, kidole kimoja kimoja.

"Kufanya nini?"

"Wewe unajua. Nataka twende wote, mwanangu. Ukienda mwenyewe, ni tofauti na kuchukuliwa. Mimi nitakuwa pembeni yako."

Akapita nyuma yangu, akafunga mlango kwa ufunguo, akautia mfukoni. Hakunigusa. Lakini mara ya kwanza katika maisha yangu niliona ukubwa wa mwili wake ndani ya jiko langu, nikaona jinsi dada yule alivyouona.

"Ulishasema," akaniambia. "Umetia sahihi. Ukibadilisha sasa watakufunga na wewe."

"Na wanifunge."

"Sikutaka kumpiga! Nilimwambia mara tatu afungue. Mara tatu, Bibi! Ananitazama kama mtoto, ananiambia kaka yangu, kaka yangu. Sikujua mkono umeshika nini hadi alipoanguka."

"Na Kimya?"

Akacheka, kicheko kibaya, hakikuwa na furaha hata chembe.

"Kimya. Unamwonea huruma leo Kimya? Siku ile hukumwonea."

Nilishika meza.

"Siku ipi?"

"Bibi, mimi nilikuwa ndani ya mbio zile. Mkimbiaji anajua. Nilitoka vibaya, kona nikaipoteza, nikafika mstarini nikajua nimeshindwa na Kimya. Nikatazama kwenye ngazi. Mwalimu ananitazama, fundi ananitazama. Wewe unatazama viatu vyako. Wakatangaza nukta mbili. Nikajua palepale."

"Miaka yote hii?"

"Kila nikishinda nilikuwa nasubiri mtu aniguse begani." Sauti yake ilikuwa imeshuka, ikawa ya yule mtoto wa miaka minane. "Na kila nikikosea nilikuwa najua kuna mtu mmoja duniani atakayesema sikukosea. Jumanne nilipotoka pale mbio, unajua niliwaza nini? Nilikuwa siwazi kujificha. Nilikuwa nawaza, nifike kwa Bibi. Nikifika kwa Bibi, yamekwisha."

Nimekula chumvi nyingi, nimezika mume na binti, lakini neno lililonikata kama lile sijalisikia. Sikulia. Machozi yangekuwa ni kumwomba tena anihurumie.

"Basi mimi ndiye niliyekufikisha huko," nikasema. "Nilikupa kitu cha mtu nikadhani nimekupa mapenzi. Nipe ufunguo."

"Bibi."

"Kimya yupo ndani siku ya sita. Mama yake alinishonea pindo la gauni hili akiwa amepiga magoti. Nipe ufunguo, mwanangu. Sitakunyang'anya."

Bomba lilikuwa linadondosha. Nilihesabu matone, siwezi kujizuia. Yalipofika arobaini na sita akautoa ufunguo mfukoni. Hakunipa. Aliufungua mlango mwenyewe.

"Utakwenda na nini? Jua limeanza kuwaka."

"Kwa miguu."

"Hutafika. Magoti yako."

Akachukua mwavuli wangu nyuma ya mlango akatoka nami. Alinishikia ule mwavuli njia nzima, akapunguza hatua zake hadi zikalingana na zangu. Mtu aliyewahi kuwa na kasi kuliko mji mzima akatembea kama kobe kwa ajili ya bibi kizee. Tulipita soko, tukapita shule. Watu walitusalimu. Mmoja alipaza sauti, "Kishada, siku hizi unafanya mazoezi na Bibi Saa? Angalia asikuache!" Akainua mkono, akatabasamu. Nilimwona akitabasamu na kidevu kinatetemeka.

Kwenye kona ya kituo cha mafuta, pale ambapo jengo la polisi linaanza kuonekana, alisimama.

"Mimi naishia hapa."

"Hatua mia tu zimebaki."

"Siwezi, Bibi. Miguu haitaki."

Akanipa mwavuli. Nikamgusa shavu, nikaenda. Sikumwambia asubiri, wala sikumwambia aondoke. Hadi leo sijui nilitaka afanye lipi.

Mpelelezi alikuwa mezani kwake, shati la nyumbani, anakula muhogo wa kuchemsha kwenye kifuniko cha sufuria. Akafunika haraka, akanipa kiti chake mwenyewe, akabaki amesimama.

"Bibi, mbona Jumapili?"

"Chukua kalamu, mwanangu. Nilikudanganya, na safari hii si kwa kukufariji."

Nikasema yote. Saa tano na robo. Pumzi. Vidonge mfukoni. Bega kwenye kona. Aliandika, na kadiri alivyoandika uso wake ulizeeka. Kisha nikaanza kumweleza kuhusu moshi na mlio, na nukta mbili, na Kimya. Akaweka kalamu chini.

"Bibi, hayo ya mbio siwezi kuyaandika. Hayana sheria hapa. Hayo kamwambie mwenyewe."

"Nitamwambia."

"Na hili la kwanza," akaigonga ile karatasi ya Jumatano, "lina kesi yake. Umenielewa? Siwezi kulificha."

"Usilifiche."

Akasugua macho. Alikuwa na haya, kama kwamba yeye ndiye aliyekosa. "Ulisema mimi nimekimbia vizuri," akanong'ona, halafu akajikusanya, akawa askari. "Yuko wapi sasa?"

Nilikuwa nimejiandaa kwa kila swali isipokuwa lile. Kusema yaliyopita nilikuwa nimeweza, yalikuwa yameshatokea. Hili lilikuwa halijatokea. Kulikuwa na dirisha nyuma yake, na kona ile haikuonekana kutoka pale. Ningeweza kusema nyumbani. Wangekwenda nyumbani, ni nusu saa kwenda na kurudi, na mimi namjua mjukuu wangu anaweza kuwa wapi katika nusu saa. Wala nisingekuwa nimedanganya sana. Nyumbani ndipo anapokaa.

"Bibi?"

"Yuko kwenye kona ya kituo cha mafuta," nikasema. "Amevaa shati la kijani. Msimkimbilie. Mwendeeni polepole, hana kitu mkononi."

Waliondoka wanne. Nilikaa. Safari hii sikutazama saa, na sijui walichukua muda gani.

Walimleta kwa mlango wa mbele, katikati yao, pingu mikononi. Hakukimbia. Mpelelezi aliniambia baadaye kwamba walimkuta amekaa kwenye ukuta mdogo wa kituo cha mafuta, na alipowaona alisimama akawapa mikono. Alipita mbele yangu. Nilidhani hatanitazama, kwa haki yake. Alinitazama.

"Bibi, umekaa vibaya," akasema. "Egemea ukuta. Mgongo utakuuma."

Nikaegemea. Wakampeleka ndani.

Dada wa duka la dawa aliishi. Taya lilifungwa waya miezi miwili, na jicho moja halioni vizuri. Sijathubutu kwenda kumwona, nimemtumia salamu, hajazijibu, na hana deni la kunijibu. Lakini hayo ni ya baadaye. Saa ile nilikuwa bado kwenye benchi la kituo. Mpelelezi alikuja na glasi ya maji, akaniambia karatasi zangu zitachukua muda, naweza kwenda nyumbani nikaitwa kesho.

"Kimya anatoka lini?" nikamwuliza.

"Sasa hivi. Anatafutiwa mkanda wake na viatu."

"Basi nitangoja."

"Bibi, hana hali nzuri. Huenda akakwambia maneno."

"Ana haki nayo," nikasema. "Nami nina ya kumwambia."

Mama yake Kimya alikuwa ameshafika na chakula cha mwanawe, amesimama kule mlangoni, ananitazama. Hakuna mtu aliyekuwa amemweleza bado. Alininyooshea mkono kwa furaha, akidhani nimekuja kufanya lile aliloniomba. Nikashindwa kuunyoosha wangu.

Ndani, funguo zikagongana. Nikashika ukingo wa benchi, nikainuka, ili atakapotoka anikute nimesimama.